Miti Katika Shamba la Kuazima

Miche ile ilikaa uani kwetu tangu siku ilipogawiwa, imepangwa kando ya karo ndani ya viriba vyake vyeusi vya plastiki, na mama yangu aliimwagilia kila asubuhi maji aliyooshea vyombo. Aliitunza vizuri. Aliizungushia matete ili kuku wasiiparue, akaing'olea magugu, akaisogeza jua lilipohama. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakuipanda.

Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kumaliza chuo kikuu. Waliotutangulia walipangiwa kazi na serikali kabla hata hawajarudisha majoho. Sisi tulimaliza wakati wa soko huria, tukaambiwa soko ndilo litakalotupangia, na mimi lilikuwa halijanipangia kitu. Kwa hiyo nilikaa kijijini kwetu, juu ya barabara inayopanda Mgwashi, nikipalilia, nikimenya ndizi na kuuliza maswali ambayo hakuna aliyeniomba niyaulize.

"Mama, hii miche itapandwa lini?"

"Itapandwa."

"Wapi?"

"Wewe unaona wapi?"

Niliangalia. Nyumba yetu ilikuwa na migomba upande mmoja, choo na kaburi la baba upande wa pili, kisha njia ya watu. Mashamba ya baba yalikuwa yamegawanwa na wadogo zake alipofariki. Shamba lililotulisha, ambalo mboga zake zilinisomesha, lilikuwa chini bondeni, kando ya kijito, na halikuwa letu. Lilikuwa la kuazima.

Kwetu milimani shamba la kuazima lina sharti ambalo halisemwi kwa sababu kila mtu analijua. Lima mahindi, maharage, kabichi, viazi, chochote kinachovunwa kikaisha. Usipande kinachobaki. Mgomba, mbuni na mti ni vya mwenye ardhi. Anayepanda mti ametangaza kwamba ardhi ni yake, hata kama hajafungua mdomo, na watu watamwelewa hivyo.

Mama aliliazima shamba hilo wakati bado ananibeba mgongoni. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja wa ng'ambo ya kijito, mtu wa ukoo mwingine, aliyekuwa akisali msikiti mmoja na baba. Kila mavuno mama alimpelekea kikapu cha maharage, na yeye alichukua punje moja, akaitia jinoni, kisha akasema, "Lima." Mkataba wote ulikuwa neno hilo. Chuoni nilikuwa nimejifunza kuyatilia shaka mambo ya namna hiyo, nikamwambia mama kwamba kikapu kile ni kodi iliyovikwa adabu.

"Basi heri kodi yenye adabu," alinijibu, akaendelea kupepeta.

Miche ililetwa na kampuni. Ilikuja na gari jeupe lenye mti umechorwa mlangoni, na mkutano uliitishwa kwenye uwanja wa shule. Meza ya mbele ilikuwa na watu watatu. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Wa pili alikuwa afisa wa kampuni, kijana wa umri wangu kutoka mkoa mwingine, mpole, mwenye viatu vizito vya mlimani ambavyo havijakutana na tope. Wa tatu alikuwa mtoto wa yule mzee wetu wa ng'ambo ya kijito. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Tangu biashara ilipofunguliwa na watu binafsi wakaanza kupewa leseni, malori yake yalikuwa yakishusha magogo kwenda Mombo kila wiki, na mwaka ule alikuwa anautaka udiwani. Siku hiyo alivaa fulana ya kijani.

Afisa alieleza kwa utaratibu. Viwanda vya nchi za wenzetu vinatoa hewa ukaa, hewa hiyo inaipasha dunia joto, na mvua zinapoteza majira. Mti unaivuta hewa ile na kuihifadhi ndani yake. Tukipanda miti na kuitunza, kampuni itatulipa, na wenye viwanda watahesabiwa kwamba wamepunguza uchafu wao.

"Wanavuta sigara wao, tunakohoa sisi?" aliuliza bibi mmoja aliyekaa kwenye nyasi.

"Si sigara, bibi. Ni viwanda."

"Si wapande kwao?"

"Kwao ardhi ni ghali, bibi."

"Na hii yetu nani amewaambia ni rahisi?"

Watu walicheka. Mwenyekiti alipiga meza. Nilisimama kabla kicheko hakijaisha, kwa sababu mimi hilo jambo la joto nililiamini. Nilikuwa nimeona vuli inachelewa, nimeona mbu wanapanda hadi vijiji ambako bibi yangu hakuwahi kulala na chandarua. Nilichokuwa sikiamini ni zile hesabu.

"Wakishainunua hiyo hewa, watavizima hivyo viwanda?"

"Swali zuri, dada," afisa alisema. "Lengo la muda mrefu ni kwamba..."

"Watavizima au hawatavizima?"

"Binti," mwenyekiti aliingilia, "uliza swali, usituhutubie. Hapa si chuoni."

"Nimeuliza, mwenyekiti. Nangoja jibu."

Aliyejibu ni mfanyabiashara wa mbao. Alisimama taratibu, akatabasamu kama mjomba kwenye harusi. "Ndugu zangu, huyu ni mtoto wetu, amesoma, na tunajivuna naye. Lakini wasomi wetu wana maradhi yao. Ukiwaletea mkate, wao wanataka kwanza kujua ngano ilivunwa na nani."

Uwanja mzima ulicheka, na kusema kweli hata mimi nilibana midomo. Alikuwa hodari wa mikutano. Niliuliza kama leseni yake ya kukata miti ya serikali kule juu msituni ingesitishwa, maana wanawake walikuwa wamekwisha kukatazwa kuokota kuni huko kwa sababu ya mradi. Niliambiwa hiyo ni mada nyingine.

Kisha miche ikagawiwa, kila kaya na fungu lake. "Asiyepanda anapinga serikali," alisema mwenyekiti, nusu utani. Mama alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaibeba kichwani hadi nyumbani. Hakuwa peke yake. Wiki zilizofuata, ukipita kijijini ungeweza kuzijua nyumba za wanaolima kwa kuazima bila kuuliza mtu. Kulikuwa na viriba uani, vimemwagiliwa vizuri.

Afisa alipokuja kukagua, alisimama mbele ya karo yetu akiwa ameshika kiuno. Miche mingine ilikuwa imekwisha kupenyeza mizizi chini ya kiriba hadi kwenye udongo wa ua.

"Dada, mama amekosa nguvu? Au hajaelewa faida?"

Nilimweleza habari ya shamba la kuazima. Nilimweleza kwa utulivu, maana alikuwa mtu wa kusikiliza. Alitikisa kichwa kwa mshangao wa mtu anayesimuliwa mila za mbali.

"Kwa hiyo mti una cheo kuliko kabichi?"

"Una kauli kuliko kabichi."

"Lakini mti ni mti, dada. Unavuta hewa popote ulipo." Alicheka, akaupigapiga mchongoma wa ua wetu. "Msijali. Wageni wafadhili wanakuja, hatutaki kaya yoyote iachwe nyuma. Tutawasaidia."

Nilidhani ni maneno ya kuagana.

Siku chache baadaye tulipata msiba Bungu, kwa upande wa kina mama. Tulikwenda sote wawili, tukalala matangani, tukarudi baada ya dua. Tulipoanza kushuka njia ya kijijini niliona jambo ambalo mwanzoni sikulipa uzito. Watu walitusalimia, tukaitikiana, lakini hakuna aliyetuuliza habari za msiba. Kwetu hiyo si kawaida. Mtu akitoka matangani husimamishwa kila kona, apewe pole, aulizwe marehemu aliugua nini. Siku ile walisema pole wakiwa wanatembea.

Jirani yetu mmoja, mwanamke aliyekuwa naye akiazima shamba, ndiye aliyetuambia. "Ukapande uende zako matangani, dada? Bila hata kutuaga?"

"Kupanda nini?" mama aliuliza.

Tulipitiliza moja kwa moja hadi bondeni na mizigo yetu kichwani. Miche ilikuwa imesimama katikati ya maharage, mistari iliyonyooka kama ya gwaride, kila mmoja na kisahani chake cha udongo. Vijana wa kampuni walikuwa wamefika uani, wakaichukua miche, wakauliza shamba la mama huyu ni lipi, wakaonyeshwa. Walilipwa kwa miche iliyoingia ardhini, si kwa maswali. Walikuwa waangalifu hata hivyo. Shina la haragwe hawakulikanyaga hata moja.

Mama hakuingia shambani. Alisimama kwenye tuta la mpaka, ameshika fundo la kanga, akatazama ng'ambo ya kijito, kwenye nyumba ya mzee. Kutoka kule kila kitu kilionekana. Niligundua kwamba hakuwa anaangalia miche kabisa. Alikuwa anafikiria jinsi miche ilivyoonekana kutoka kule.

"Tuing'oe," nilisema.

"Ngoja."

Alikuwa na haki ya kungoja. Mwenyekiti alitukuta njiani na kutuonya kabla hatujamuuliza: mche wa mradi ukishaingia ardhini, kuung'oa ni kosa, na wageni walikuwa wanakaribia. Afisa naye alikuja jioni hiyo na uso wa mtu aliyeleta zawadi. Alisema kwa utaratibu wa mradi, aliyepanda ndiye mwenye miti, na eneo lenye miti yake litaandikwa kwa jina lake. Alilitamka jina la mama kwa heshima zote.

"Hongera, mama," alisema. "Sasa una shamba."

Alipoondoka tulikaa kwenye jamvi tukipukuchua maharage. Sikuweza kulizuia wazo lililonijia, na sioni sababu ya kulificha. Hapa palikuwa na mwanamke aliyelima udongo huohuo miaka yote, akaulisha samadi, akaujengea matuta, akanisomesha kwa huo, wakati mwenye ardhi hajawahi kuushika kwa jembe. Kwa mila hangeupata. Angekufa anaazima, na mimi bintiye nisingeazimwa. Na sasa kampuni ya watu wasiotujua, kwa sababu zao wenyewe za moshi na biashara, ilikuwa imemkabidhi bila kujua inafanya nini.

"Na ukinyamaza tu?" nilisema.

"Ninyamaze vipi?"

"Usipande, using'oe. Ikae. Wao ndio waliopanda. Wakisema ni lako, liwe lako."

Alimimina maharage ya kwenye kiganja ndani ya ungo. "Halafu nikiugua, nani atanivusha kile kijito?"

"Mama, watu watazoea."

"Wewe utakuwa Dar es Salaam watu wakizoea. Mimi nitakuwa nao kisimani." Kisha akasema kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, kwamba aliyekupa ardhi humnyang'anyi. Alirudi kwenye Kiswahili, lugha aliyoitumia na mimi alipotaka nisibishe. "Na hao wenzako wa gari, wakiondoka, hilo jina langu kwenye karatasi ndilo litakaloniambia 'Lima'?"

Tulikuwa tumeona ushirika ukifa, tumeona bei ya kahawa ikianguka hadi watu wakaacha kuvuna, tumeona wanunuzi wa kabichi wakija msimu mmoja na kupotea unaofuata. Kila kilichokuja na gari kilikuwa na njia ya kurudia.

Usiku ule sikumsikia akikoroma kama kawaida yake. Asubuhi alivaa kanga safi, akaniambia twende kwa mzee.

Tulimkuta barazani, miguu imefunikwa blanketi. Macho yake yalikuwa yameanza kupata ukungu, lakini alimtambua mama kwa hatua. Mtoto wake, yule wa mbao, alikuwa amekwisha kufika. Pikapu lake lilikuwa limeziba njia, na majirani wawili watatu walikuwa wameegemea ukuta kama waliokuja kwa shughuli zao.

"Shikamoo, baba," mama alisema, akachuchumaa.

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba."

Alikuwa mtu wa kwanza kutupa pole sawasawa. Mama alifungua mdomo aeleze, lakini mtoto wa mzee alimtangulia.

"Shikamoo, mama. Miaka yote nakuona mpole, kumbe ulikuwa unangoja gari la kampuni."

"Sikupanda mimi, mwanangu. Nilikuwa Bungu."

"Miche ilikuwa ya nani?"

"Niliyopewa mkutanoni. Na wewe ulikuwepo."

"Basi ni yako. Na ya kwako imekwenda kusimama kwa baba yangu." Aliwageukia walioegemea ukuta. "Mnaona? Mtu unamwazima jembe, anaondoka na mpini."

Nilitaka kusema. Mama alinibana paja kwa vidole viwili, kama nilipokuwa mdogo kwenye dua.

"Nyamaza kwanza," mzee alimwambia mtoto wake. Kisha akamgeukia mama, akitafuta uso wake kwa macho yale yenye ukungu. "Unataka nini, mwanangu?"

"Nataka nikalime."

"Basi kaitoe. Uitoe mchana, watu waone."

"Baba, kung'oa miti ya mradi ni kesi," mtoto alisema.

"Miti ya nani?"

"Ya mradi."

"Si umesema sasa hivi ni yake?"

Mmoja wa walioegemea ukuta alikohoa ili asicheke, lakini kicheko kilimshinda. Mfanyabiashara alicheka naye. Hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu aliyeshindwa hacheki vile.

Mama aliifanya kazi ile saa nne, jua likiwa limetoka vizuri, siku ambayo wanawake walikuwa wanapita kupeleka matenga ya hoho barabarani. Mwenyekiti alikuja mbio akipiga kelele kwamba tunapinga serikali. "Sing'oi, mwenyekiti," mama alimwambia bila kuinua kichwa. "Nahamisha." Aliuchimba kila mche na bonge lake la udongo, nami nikaupanga kwenye sinia. Tulivuka kijito, tukaisimamisha yote kwenye ua wa mzee, mbele ya baraza lake, tukaimwagilia. Tulipokuwa tunarudi, jirani yule aliyetuuliza habari ya kuaga alitusimamisha njiani, akatushika mikono, akauliza marehemu aliugua nini.

Amani hiyo ilidumu siku mbili. Ya tatu niliamshwa na sauti za vijana bondeni. Walikuwa walewale wa kampuni, na mtoto wa mzee amesimama kwenye tuta la mpaka, fulana ya kijani, akielekeza kwa mkono. Walikuwa wanairudisha miche. Iliingia kwenye mashimo yaleyale aliyoyachimba mama.

Nilishuka nikikimbia. Afisa alikuwepo na kamera. Alinisalimia kwa furaha ya kweli.

"Dada, mambo yamekaa sawa! Mwenye ardhi ameridhia, na jina lililoandikwa sasa ni la ndugu huyu. Ilikuwa tu suala la mawasiliano."

"Huoni kilichotokea?"

Aliangalia mistari, akaangalia karatasi ya ramani aliyokuwa ameikunja mfukoni. Simlaumu hata leo. "Miti ni ileile," alisema, "shamba ni lilelile. Kwenye ramani yangu hakuna kilichobadilika. Kaboni haimjui mwenye shamba."

Mtoto wa mzee alisogea. "Binti, usikasirike. Mimi sijamfukuza mama yako. Baba amesema alime, atalima. Katikati ya mistari humo, nafasi si ipo?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka kivuli kitakapomwambia." Alitabasamu. "Na akipalilia maharage yake, si atakuwa amenipalilia na miti? Tunasaidiana. Ndiyo ushirikiano wanaoutaka wafadhili."

Mzee alikuwa amesema neno lake, na neno lake liliheshimiwa. Hapo ndipo penye uchungu. Hakuna aliyevunja mila. Mwenye shamba alipanda mti kwenye ardhi yake, kama mila inavyomruhusu, na mwazimaji akabaki kulima kinachokwisha. Hakuna aliyevunja utaratibu wa kampuni pia. Wageni walipokuja na kofia zao za jua, mama aliitwa kusimama kati ya mistari na jembe lake, akapigwa picha. Afisa aliniambia baadaye, akidhani nitafurahi, kwamba kwenye taarifa yao mama anahesabiwa kuwa mnufaika. Moshi uliotoka kwenye kiwanda nisichokijua, katika nchi nisiyoijua, ulikuwa umepata ruhusa ya kuendelea kutoka, na sehemu ya ruhusa hiyo ilikuwa imesimama kwenye maharage yetu.

Mtoto wa mzee alipata udiwani. Mimi nilipata kazi Tanga mwaka uliofuata, na tangu hapo kila nilipopanda nyumbani nilijikuta nafanya jambo moja kabla sijamsalimia mama. Nilisimama kwenye kona ya njia ambako bonde linafunguka, nikaitazama miti. Ilikuwa mikaratusi, na mikaratusi haina subira. Mwanzo ilinifika gotini. Kisha begani. Mvua za mwaka mmoja zilikuwa nzuri sana, maji yakajaa kwenye mifereji, wakulima wakashukuru msikitini na kanisani, na mimi nilikaa Tanga nikisikiliza mvua juu ya bati huku nikiona aibu kwamba naiombea ikatike ili miti isirefuke.

Mara ya mwisho nilipokwenda, kivuli kilikuwa kimeshika nusu ya shamba. Maharage ya katikati yalikuwa yamerefuka, meupe, hayana maua. Mama alikuwa amehamia ukingoni mwa kijito, kwenye utepe ambao jua lilikuwa bado linaufikia, akipanda karibukaribu kuliko ilivyo desturi. Nilichukua jembe nimsaidie. Udongo wa upande wa miti ulikuwa mkavu hata karibu na maji.

"Hii mikaratusi ikikomaa inakatwa?" aliniuliza.

"Mkataba unasema isikatwe. Ikae iendelee kushika ile hewa."

"Isikatwe kabisa?"

"Miaka mingi sana, mama. Kampuni imeshaiuza ikiwa imesimama."

Aliegemea mpini akaangalia juu, kwenye mashina yaliyonyooka, mazuri, ambayo mtu yeyote wa mbao angeyapima kwa jicho moja tu. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, cha kwanza nilichokisikia kwake katika shamba lile kwa muda mrefu.

"Na yule amekubali? Yule, asikate?"

"Ametia sahihi."

"Ahaa," alisema, akainama, akaendelea kupanda. "Atakata."

Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anajipa moyo. Tumaini lake lote la kulipata jua lilikuwa kwa mtu yuleyule, kwamba bei ya mbao itapanda, kwamba atavunja ahadi aliyoiweka mbele ya wageni, na hewa yote ile iliyohesabiwa na kuuzwa iachiwe iende zake. Mimi ninayeamini kwamba dunia inapata joto, niliyesimama uwanjani kudai viwanda vizimwe, nilikaa kwenye tuta nikajiuliza kama anajidanganya au kama nami naomba hivyohivyo. Ng'ambo ya mlima msumeno wa mashine uliunguruma, ukanyamaza, ukaunguruma tena. Sote wawili tuliacha kufanya kazi. Tulikuwa tunasikiliza kama unasogea upande wetu.